Kilwa Kisiwani: Kijiji Kilichohesabiwa na Kila Mgeni

Ofisini Kilwa Masoko, kabla mgeni hajashuka gatini kupanda chombo cha kwenda Kisiwani, huwekewa mbele yake kitabu kikubwa cha wageni. Huandika jina, uraia na tarehe, akatia sahihi, akalipa kiingilio na kupewa risiti. Karani alipokuwa akitafuta mhuri, nilifunua kurasa za nyuma. Wamo Wajerumani, Wafaransa, Wachina na Wakenya, na limo kundi la wanafunzi wa sekondari ambao mwalimu wao aliwaandika wote kwa mstari mmoja: idadi tu, majina hakuna.

Gatini mambo ni mengine. Mashua ya injini ilikuwa inangoja ijae. Akina mama waliotoka sokoni walikuwa wamekalia viroba vya unga. Kijana mmoja amekumbatia betri ya sola, mwalimu anasahihisha madaftari juu ya goti, na mama aliyetoka kliniki amemfunika mwanawe kwa upande wa kanga jua lisimchome. Nahodha hakumuuliza yeyote jina. Aliyatazama maji, akasema, "Haya jamani, maji yanakupwa, tusije tukashukia matopeni." Utingo akasukuma kwa upondo, tukaondoka.

Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani ni mwembamba. Ukiwa gatini unaiona ngome ya Gereza ng'ambo kwa macho, na kwa injini ni mwendo wa dakika chache. Lakini maji haya machache ndiyo waliyopita karibu wote walioandika habari za Kilwa: msafiri wa Morocco, maadmirali wa Ureno, mfanyabiashara Mfaransa, makarani wa Mjerumani, mafundi wa kuchimbua mambo ya kale. Habari za magofu wamezieleza vizuri mno, hata mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kukutajia jumba la Husuni Kubwa bila kukosea. Mimi nilikuwa nataka habari za watu: ni kina nani, walikuwa wangapi, na wamebaki vipi. Katika kupekua maandishi ya hao wageni niliona jambo moja likijirudia tangu karne ya 14 hadi leo. Kila aliyewahesabu watu wa kisiwa hiki alikuwa na haja yake, na hesabu yake ikafuata haja hiyo.

Chombo hutia nanga mbele ya Gereza, ngome ya mraba ambayo Waomani waliijenga mnamo mwanzo wa karne ya 19 mahali ilipokuwa ngome ya Wareno. Upande wa baharini ukuta wake umeliwa na mawimbi, na chini yake mtu anaona mawe ya matumbawe yaliyoporomoka yakilambwa na maji. Abiria walikunja suruali, kanga zikapandishwa, viroba vikapita juu ya vichwa kutoka mkono hadi mkono. Baada ya muda mfupi ufukwe ukabaki na mbuzi na watoto wawili wanaotoboa dau bovu kwa msumari.

Kijiji kinaanzia nyuma ya ngome. Hakina mitaa iliyopimwa. Vinjia vinazunguka mibuyu na minazi, vinapita kando ya kisima, vinakatiza uwanja wa mpira, na kila vinapokwenda vinagusana na gofu fulani. Nyumba nyingi ni za miti ya mikoko iliyokandikwa udongo, paa za makuti, chache za bati. Juu ya bati hizo huonekana paneli za sola. Katika ukuta wa nyumba moja, karibu na usawa wa goti, nilikiona kigae cha kaure chenye rangi ya samawati na nyeupe, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyekuwa akipepeta mchele, alishangaa kwamba nimekiinamia. Akaniambia udongo wa kukandikia huchimbwa jirani tu, na ukichimba hapa hukosi kukutana na vigae. Vingine vimepakwa rangi, vingine ni vya vyungu vya kawaida. Hakuna anayevitoa kabla ya kukandika. Kaure ya China imo ukutani pamoja na changarawe.

Barazani kwa jirani yake alikuwa ameketi mzee mmoja, kofia ya mkono kichwani, anasuka kamba ya dema.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata mawe?"

"Nimefuata watu, babu."

Akacheka. "Watu tupo. Basi kaa kitako, mawe hayaendi mahali."

Nilimuuliza asili ya watu wa hapa, naye akaanza pale wazee wa Kilwa wanapoanzia siku zote: kwa Mrimba, mwenyeji wa kisiwa kabla ya Washirazi. Mshirazi aliyefika kwa jahazi alitaka kukaa, Mrimba akamwambia akinunue kisiwa kwa nguo. Nguo zikatandikwa kukizunguka kisiwa chote, Mrimba akazikusanya, akavuka kwenda bara. Siku hizo, maji yakipwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Mrimba alipojuta na kutaka kurudi na watu wake, akakuta mlango umejaa maji, kwa kuwa Mshirazi amesoma dua na kutoa kafara. Na binti yake Mrimba alikuwa amebaki kisiwani, ameolewa na huyo huyo mgeni. "Sasa wewe mwenye elimu," mzee akaniuliza, "watoto wa ndoa ile ni Washirazi au ni wa Mrimba?"

Hadithi hii imo pia katika tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16 na ambayo nakala yake imehifadhiwa London. Mreno João de Barros naye aliitia simulizi inayofanana na hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1552. Tofauti ziko nyingi, lakini mfupa ni ule ule: mgeni, nguo, mwenyeji aliyeondoka.

Swali la mzee lilikuja kujibiwa na watu ambao hawakuketi barazani kwake. Mwaka 1960 mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alianza kuchimba Kisiwani, akaendelea kwa miaka kadhaa, na ripoti yake ikatoka mwaka 1974 kwa juzuu mbili. Chini ya kuta za mawe alikuta tabaka za watu wa kabla, wanaokadiriwa kuanzia mnamo karne ya 9: nyumba za miti na udongo, mavi ya chuma kutoka kwenye tanuri, mifupa ya samaki, vyungu vya kienyeji. Kwa ujenzi, nyumba hizo hazikuwa mbali sana na ile ya mama mwenye kigae ukutani. Msikiti wa mawe, kuba na kaure vilikuja juu ya kijiji cha wavuvi na wahunzi kilichokwisha kuwapo.

Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani ya Afrika Mashariki kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, wakiwamo wa Kilwa. Kwa wengi wao, nusu na zaidi ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, na zaidi kwa upande wa akina mama. Sehemu kubwa nyingine ilitoka Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa akina baba, na kuchanganyika huko kulianza mnamo mwaka 1000. Baada ya karne ya 16 damu ya Uarabuni ikaongezeka. Kwa ufupi, maabara ilisema alichosema mzee kuhusu binti wa Mrimba. Nilipomuuliza kabila lake mwenyewe alinitajia mama Mmatumbi, bibi mzaa baba aliyetoka upande wa Wamakonde, na baba ambaye ukoo wake hujiita Washirazi. Hakuona ugumu wowote katika hilo. Ugumu ni wetu tunaotaka mtu atie tiki kwenye kisanduku kimoja.

Tukaondoka barazani kwenda Msikiti Mkuu. Ni mwendo mfupi kwa miguu, na njiani mzee aliamkiana na kila tuliyekutana naye, kila mmoja kwa ujamaa wake: huyu mpwa, yule mkwe, yule mwana wa chuo chake. Sehemu ya kaskazini ya msikiti ndiyo kongwe, ya mnamo karne ya 11 au 12. Ya kusini, yenye msitu wa nguzo na paa la kuba, iliongezwa karne ya 14 kisha ikajengwa upya karne ya 15 baada ya kuanguka. Nguzo hizo zina pembe nane. Ukipitisha kiganja unauhisi mkono wa fundi, maana pembe hazilingani. Juu, ndani ya kuba mojawapo, lipo vumbi la popo na michirizi ya maji ya mvua. Mafundi wa kijiji ndio waliochanganya chokaa ya kuzibia nyufa wakati wa ukarabati wa miaka ya karibuni, na mzee alinionyesha mahali anapopajua kwa sababu kijana wa ukoo wake alipaziba.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliswali Kilwa. Aliusifu mji kuwa ni katika miji mizuri, akasema watu wake ni wacha Mungu, wa madhehebu ya Shafii, na wengi wao ni weusi wenye chanjo usoni. Idadi hakutoa. Alikuwa mwanachuoni msafiri anayeishi kwa ukarimu wa wafalme, kwa hiyo alichokipima ni dini ya wenyeji na mkono wa Sultani. Sultani wa wakati ule alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa kwa lakabu Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ibn Battuta anasimulia jinsi maskini mmoja wa Yemen alivyomwomba Sultani nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Baadaye maskini yule akapewa pia watumwa na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msomaji husifu ukarimu, akasahau kwamba katika ripoti ya kwanza ya shahidi aliyeandika juu ya watu wa Kilwa, sehemu ya watu hao tayari imeandikwa katika orodha ya zawadi.

Sultani huyo huyo ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, upande wa mashariki, juu ya gema linalotazama bahari. Tulifika huko jua likiwa kali. Ina vyumba zaidi ya mia, nyua, ngazi zinazoshuka hadi majini, na birika la kuogelea lenye pembe nane. Inaaminika haikumalizika. Fedha ilitoka kwenye dhahabu ya Sofala, iliyopitia mikononi mwa Kilwa ikielekea kaskazini, na kwenye pembe na nguo. Masultani walipiga sarafu zao za shaba. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa askari mmoja wa Australia aliziokota mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Katika zama hizo wataalamu hukisia kuwa mji ulikuwa na watu 10,000 au zaidi. Ni makisio yanayotokana na ukubwa wa eneo na wingi wa kuta, maana nyumba za udongo za watu wa kawaida hazikuacha gofu la kuhesabiwa.

Hesabu ya kwanza yenye tarakimu ilikuja na mizinga. Vasco da Gama alifika mwaka 1502 akadai kodi. Julai 1505 Francisco de Almeida akashusha askari, Amiri Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa, Wareno wakamtawaza mtu wao na kujenga ngome. Katika maelezo ya safari ile yaliyoandikwa na Mjerumani Hans Mayr, mji umetajwa kuwa na watu 4,000. Anaeleza pia nyumba za ghorofa, mashamba, na watumwa wanaofanya kazi mashambani, ambao anasema ni wengi kuliko mabwana zao. Huyu ndiye wa kwanza kutueleza kwamba jamii ya Kisiwani ilikuwa na tabaka, nani analala nyumba ya mawe na nani anailimia. Lakini tarakimu yake ilitoka melini, kwa watu waliokaa siku chache wakiwa na silaha mikononi, na walichotaka kujua ni mji unaweza kutoa nini. Dhahabu haikupatikana kama walivyotumaini, na kufikia 1513 walikuwa wameiacha ngome yao.

Hesabu ya pili ni ya maiti. Mwaka 1587 Wazimba, jeshi lililotoka upande wa Zambezi, waliizingira Kilwa kwa miezi. Padri João dos Santos anasimulia kwamba mtu mmoja wa mji aliwaonyesha usiku njia ya kuvukia maji yalipokupwa, kwa sharti jamaa zake waachwe hai. Wakaingia, na kwa maelezo ya padri waliuawa watu 3,000. Mkuu wa Wazimba akaamuru yule msaliti na jamaa zake watupwe baharini, kwa hoja kwamba aliyewauza wenzake hafai kuishi. Tarakimu ya padri ichukuliwe kwa hadhari, kwani hakuwapo na aliwaandikia wasomaji wa Ureno waliopenda habari za kutisha. Hata hivyo, mzee aliifahamu habari ya mtu aliyeonyesha njia. Alinionyesha upande wa maji anaosema ndipo walipovukia, akatema mate chini.

Kisha ikaja hesabu iliyo mbaya kuliko ya maiti. Tarehe 14 Septemba 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani Hasan wa Kilwa. Morice apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kila kichwa kwa piasta 20, na juu yake Sultani apate zawadi ya piasta mbili kwa kila mmoja. Walikuwa wakipelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa, vinavyoitwa leo Mauritius na Réunion. Mji uliokuwa umedhoofika ukapata pumzi. Kuta kubwa za jumba la Makutani, upande wa magharibi, ni za karne hiyo ya 18. Magofu yake ni mazuri, picha zake hutoka vizuri jua likishuka. Kila anayepiga picha ile angepaswa kujua kwamba piasta mbili mbili za kila kichwa ni sehemu ya mapato yaliyoifufua Kilwa ya karne ile.

Waomani walishika Kilwa katika miaka ya 1780, na taratibu biashara ikahamia Kilwa Kivinje, bara, ambako misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilifika bila kuvuka maji. Katika miaka ya 1860 Kivinje ilikuwa ikipitisha watumwa wapatao 20,000 kwa mwaka. Kisiwani kukabaki wavuvi, wakulima na jina. Sultani wa mwisho alichukuliwa katika miaka ya 1840 akapelekwa Maskati. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika pwani ya Kilwa mwaka 1859 alikuta kipindupindu kinaua watu. Wajerumani walipotawala, kodi ya nyumba ikaletwa kuelekea mwisho wa karne ya 19, na hesabu ikawa ya vibanda: kila paa na rupia zake. Kivinje ndiko walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, mwaka 1895, na ni katika vilima vya Wamatumbi, wilaya hii hii, vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905. Wengi wa wakazi wa sasa wa Kisiwani wana upande wa ukoo uliotoka bara katika misukosuko hiyo. Wapo walioletwa wakiwa wamefungwa, wapo waliokimbilia, na wapo waliooa au kuolewa. Nani ni nani katika hao ni jambo linalojulikana majumbani na halitangazwi kwa wageni. Sikulichokonoa.

Mchana maji yalikupwa kabisa na mwamba ukatoka nje. Akina mama walikuwa wametawanyika juu yake, kila mmoja na fimbo yake ya chuma na ndoo, wanachokoa pweza. Nilimkuta mmoja akimponda pweza wake kwenye jiwe, kwa mapigo yanayofuatana bila haraka, mpaka mikia ikalegea na povu likaacha kutoka. Nilimwamkia, akanijibu bila kusimamisha mkono. Wa kuuza hupelekwa Masoko kabla jua halijazama, wa kula hubaki. Akaniambia pweza wamepungua na wamekuwa wadogo, na kwamba siku hizi hata vijana wa kiume wanachokoa, kazi ambayo zamani waliwaachia akina mama.

Niligusia sensa. Aliikumbuka vizuri ile ya Agosti 2022. Karani alikuja na kishikwambi, akaketi mkekani, akauliza nani alilala ndani ya nyumba usiku ule, nani amesoma, choo ni cha aina gani, wana simu ngapi. "Aliuliza vizuri," akasema, "lakini mwanangu wa pili hakuandikwa hapa, maana alilala Dar es Salaam." Sensa ile iliwapata watu 61,741,120 Tanzania nzima. Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 1,194,028, kutoka 864,652 mwaka 2012. Katika hao Kisiwani ni nukta: kijiji kimoja chini ya mji mdogo wa Kilwa Masoko, chenye wakazi kiasi cha elfu moja.

Na hesabu ya wanaolala haisemi habari yote. Kisiwani kina watu wa aina mbili: waliopo na waliovuka. Waliopo ni watoto, akina mama, wazee, na wavuvi. Waliovuka wako Masoko wakiendesha bodaboda, Lindi na Mtwara kwenye korosho na ufuta, Dar es Salaam wakichuuza Kariakoo. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam, iliyokuwa ya kulala njiani kungoja kivuko, imekuwa ya siku moja. Barabara hiyo huleta watalii na huondoa vijana. Mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara Mei 2024, upande wa Somanga, wa huku walikwama huku na wa kule wakakwama kule, na kila nyumba ikatambua ni wangapi kati ya watu wake wanaishi kwa ile lami. Vijana hao hurudi kwa harusi, kwa Idi na kwa kuzika. Makaburi ya kijiji yanapokea hata waliofia mbali.

Hapa ndipo urithi wa dunia unapokutana na mahitaji ya nyumba. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya bahari kumega ufukwe na kuta kuanguka. Kazi ya ukarabati na kupanda mikoko ikasaidia, yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Sasa yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Kwa mwanakijiji maana yake ni kwamba hawezi kuchimba msingi popote, hawezi kubeba jiwe la gofu, na akitaka kupanua nyumba lazima aulize kwanza. Hilo wengi wanalikubali. Wanacholalamikia ni kwamba kiingilio hulipwa ng'ambo na hawaoni vizuri kinarudi vipi. Fundi mmoja wa mawe aliniambia kwa utaratibu kabisa, bila hasira: "Sisi tunayalinda kwa sababu ni ya babu zetu. Lakini mgeni anaingia, anapiga picha, anatoka kabla maji hayajakupwa. Hata kununua madafu hakumbuki." Watembezi wa hapa ni vijana wachache waliofunzwa, wanaozijua tarehe za masultani kwa kichwa. Kazi yao ni ya msimu.

Niliporudi barazani mzee alikuwa amemaliza kamba yake. Nilimwomba anitajie mababu zake. Akataja tisa, mfululizo, akisimama kwa kila mmoja kueleza alioa wapi. Wawili walioa bara, mmoja alioa Songo Mnara, mmoja alimleta mke kutoka Mafia. Mjukuu wake, mwanafunzi wa shule ya msingi ya hapo hapo, alikuwa akisikiliza. Nilimgeukia nikamuuliza anawajua wangapi. Akataja watatu, kisha akamtazama babu yake amsaidie.

Hapo ndipo ilipo hasara ambayo haimo katika ripoti yoyote ya uharibifu wa magofu. Kuta za Kilwa zimepimwa hadi sentimita, zikapigwa picha kutoka angani, zikapewa wafadhili. Kumbukumbu ya koo zilizokaa kati ya kuta hizo, iliyo ushahidi wa pekee wa jinsi wavuvi, wafanyabiashara, mateka na wakimbizi walivyogeuka kuwa kijiji kimoja, imo vichwani mwa wazee wasiofika idadi ya nguzo za Msikiti Mkuu. Ibn Battuta hakuiuliza, Mayr hakuihitaji, Morice angeiona ni hasara ya biashara, na karani wa sensa hakupewa kisanduku chake.

Kuikusanya hakuhitaji mashine wala meli. Kunahitaji daftari, simu yenye kinasa sauti, na mtu mwenye subira ya kukaa kitako. Walimu wa Kisiwani wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo kila likizo: nenda kwa babu na bibi, andika majina, andika walikotoka. Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa inaweza kutenga sehemu ndogo tu ya mapato ya utalii kuichapa na kuiweka shuleni. Vyuo vyetu vinavyoleta wanafunzi kuchimba vinaweza kuwaachia siku mbili za kusikiliza. Na wewe msomaji unayepanga kwenda, vuka mapema asubuhi, mchukue mtembezi wa kijijini, nunua pweza, na kabla ya kuuliza nani alijenga nini, uliza kwanza nani anaishi hapa. Ufanye haraka, kwa maana mawe yatasubiri na wazee hawatasubiri.